Mheshimiwa Asiyelala Ugenini

Chai yake aliinywa amesimama. Nilimwekea kiti, nikakifuta kwa kanga yangu mwenyewe, lakini alikitazama tu kana kwamba kina mwenyewe anayekuja, kisha akaenda kusimama mlangoni na bilauri yake, jicho moja kwenye gurusa zangu na jicho jingine kwenye jua. Gurusa ni mkate wetu sisi Wanubi, mwembamba, na yeye aliupenda kuliko mteja yeyote niliyemlisha katika hoteli yangu ya chai pale Awindiri, mjini Arua. Hata hivyo, jua likianza tu kuinamia upande wa Kongo, bilauri iliwekwa chini, iwe na chai au haina. "Mama Zainabu, mimi nakwenda. Lori napita." Angeacha hata mkate alioumega mara moja tu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kwa mpishi hilo ni tusi.

Sote tulimwita Mheshimiwa. Lilianza kuwa jina la mzaha, likazoeleka mpaka mzaha wenyewe ukasahaulika. Alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Koboko, mrefu, mwenye koti jeusi na tai aliyoifunga fundo mara moja tu maishani, akawa anaivaa na kuivua kwa kuipitisha kichwani. Kabla jeshi halijachukua nchi, wazee wa kwao walikuwa wamekubaliana jambo. Watu wakishahesabiwa, serikali ikaona jinsi walivyo wengi, lile jimbo kubwa la uchaguzi walilochanganywa na watu wa mbali litakatwa, wao wapate la kwao, na yeye ndiye asimame kugombea. Koti na tai alivinunua kwa ajili hiyo. Watu wakahesabiwa. Haukupita muda mrefu jeshi likachukua nchi, bunge likafungwa, na yeye akabaki na koti.

Ningemwelewa kama angeliuza. Ningemwelewa pia kama angekaa kwake akanuna. Yeye alilivaa kila alipoleta tumbaku Arua, na jimbo lake akalizungumzia kama mtu anavyozungumzia nyumba iliyosimama kuta, inangoja mabati. "Jimbo yetu ikikuja," alisema, na mimi nikawa sijui nimcheke au nimhurumie. Watu wengine walimwambia waziwazi kwamba sasa watu wa kwetu wenyewe wako juu Kampala, wana magari na bunduki, mbunge wa nini tena? Aliwajibu kwamba mwenye bunduki husikiliza bunduki nyingine. Wakamwambia anyamaze, naye akanyamaza, akaomba sukari.

Siku moja nilimchokoza. Nilimwuliza kuhesabu watu na kupata mbunge vinahusiana nini, maana mimi nilihesabiwa hapa Arua na sikuona faida yoyote.

"Wewe iko mpishi," akasema. "Mutu anakwambia wageni wanakuja. Wewe nauliza nini?"

"Nauliza wako wangapi."

"Haya. Wakisema kidogo?"

"Napika kidogo."

"Na wageni wakifika wengi?"

"Wa mwisho watakula ukoko."

"Basi," akasema. "Sisi ndiyo watu ya ukoko."

Nikamwambia jiko lenyewe limefungwa, na ufunguo hatujui uko kwa nani. Akatikisa kichwa. "Jiko itafunguliwa. Na siku hiyo mpishi hapana kuuliza upya. Atapika na ile namba ya zamani."

Hilo lilinikaa kichwani siku nzima, na nikaunguza mkate kwa sababu yake. Wakati huo Zainabu alikuwa mgongoni mwangu, na alizaliwa baada ya ile hesabu. Mheshimiwa alipopita tena nikamwuliza, na huyu je? Akamtazama mtoto kwa huzuni ya kweli, kama daktari. "Huyu kwa serikali bado hajazaliwa," akasema. Nikacheka, halafu nikaudhika. Mtoto alikuwa amenilowesha kanga nzima asubuhi ile, na mtu ananiambia hajazaliwa!

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba mtu huyohuyo, aliyetaka kila kichwa kihesabiwe, hakukubali kuhesabiwa watoto wake. Ukimwuliza ana wangapi, alisema, "Wako." Ukiuliza mbuzi, "Wako." Huko kwao, na hata kwetu wengi, mtu hamnyooshei kidole mtoto mmoja mmoja na kutaja idadi yao, usije ukaita jambo baya. Lakini hesabu ilipokuja ni yeye aliyezunguka vijijini akiwabembeleza watu waache mwiko huo, na wanaume waliozoea kujificha wakidhani ni kodi akawatoa porini akiwaapia kwamba hakuna atakayedaiwa. "Serikali hapana jicho mbaya," aliwaambia. "Inataka kujua tu." Nikamwuliza, sasa wewe mwenyewe mbona unasema "wako"? Akashangaa. "Wewe si serikali," akasema.

Na lile la kulala! Hilo lilijulikana Arua yote. Mheshimiwa halali ugenini. Mdogo wangu alipoolewa, yeye alikuwa mgeni wetu wa kuheshimiwa, akatoa hotuba nzuri mpaka mama akalia, lakini kabla pilau halijapakuliwa akaondoka mbio na koti lake kukimbilia lori la Koboko. Mama alifuta machozi na kusema mtu yule hana adabu. Safari nyingine aliugua homa mjini, tukampeleka hospitali, wakampa kitanda. Jioni nilipompelekea uji sikumkuta. Alikuwa ameondoka na shati la wagonjwa, amewaachia kofia yake kama rehani, na shati akalirudisha wiki iliyofuata, limefuliwa na kupigwa pasi.

Watu walitoa maelezo ya kila namna. Wako waliosema ana mke mwenye wivu. Wako waliosema amerogwa. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa malori ya barabara ya Vurra na alimpenda sana mzee yule, alisema mtu akitaka kulala kwake basi alale kwake, kosa liko wapi? Mume wangu alikuwa mtu wa maswali mepesi.

Tena hakuwa mwoga, msidhani alikimbia giza. Nilimwona siku wale askari walipoingia kunywa chai. Walikuwa vijana, wamechangamka, na mteja mmoja mjinga akasema kwa sauti, "Mheshimiwa, karibu kiti." Askari mmoja akageuka.

"Nani iko Mheshimiwa hapa?"

Miaka ile neno kama hilo liliweza kumpandisha mtu kwenye gari la jeshi asionekane tena. Yeye akiwa palepale mlangoni akainua bilauri. "Mimi."

"Mheshimiwa ya wapi? Bunge ilikwisha."

"Ilikwisha Kampala," akasema Mheshimiwa. "Kwetu bado haijaanza."

Askari alimwendea, akaishika ile tai, akaivuta taratibu, na kwa kuwa fundo lilikuwa la kudumu, ikapanda shingoni mpaka masikioni na kukwama hapo. Mwenzake akacheka. Halafu na yeye mwenyewe akacheka, akamwambia, basi kama wewe mheshimiwa, hutubia. Nikadhani utani umeishia hapo. Mheshimiwa akahutubia kweli, tai ikiwa masikioni, akawaeleza askari habari ya wageni, mpishi na ukoko. Alipomaliza, askari mdogo kuliko wote, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza swali.

"Mzee, sasa mimi nahesabiwa wapi? Nyumbani yangu iko huko Koboko, lakini mimi kila siku kambi ingine."

"Wewe nahesabiwa kambi. Mama yako anakupikia chakula, lakini namba yako nakula kambi."

Yule kijana hakucheka. Alimaliza chai yake, akaishusha tai ya mzee kwa mikono miwili hadi mahali pake, akaipapasa ikae sawa. Wakaondoka. Mheshimiwa akatazama jua, akasema lori linapita. Mimi nikamtukana matusi ya Kinubi ambayo namshukuru Mungu hakuyaelewa.

Kisha mume wangu akafariki. Lori lilipinduka kwenye barabara ya Vurra likiwa na kahawa, na wakamleta nyumbani wamemfunika kwa turubai la lori lake mwenyewe. Sitasema mengi hapo. Ndugu walikuja kutoka kila upande, wakalala uani kwenye mikeka kama inavyotakiwa, kwa sababu kwetu kumzika mtu ni siku moja lakini kulala na wafiwa ndiyo kuzika kwenyewe. Mheshimiwa naye akaja na mfuko wa mtama begani. Aliketi chini, mara ya kwanza kumwona akiketi, akakaa na wanaume, akalia kwa sauti. Nikasema moyoni, leo atalala. Jua likainama. Akainuka.

Nilimfuata hadi njiani, na kanga imenidondoka. Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia mume wangu alikutetea kila siku mbele za watu, na wewe usiku mmoja tu unamnyima? Nenda, nikasema, na usirudi kunywa chai kwangu.

Akasimama. Lori la Koboko lilipita mbele yetu, na dereva akapunguza mwendo kwa kumzoea, naye hakulisimamisha. Akaniambia mambo ambayo hakuwa amemwambia mtu Arua.

Mama yake alikuwa mkunga. Upande wao wote, vijiji kwa vijiji, watu walipokelewa na mikono yake. Alifariki wiki ileile ya hesabu. Kaka zake, wajomba wa Mheshimiwa, walikaa ng'ambo, upande wa Kongo, na kwa kuwa mahari yake yalikuwa hayajakamilika tangu zamani, walidai mwili wa dada yao urudi kwao. Ndiyo haki yao, hakuna aliyebisha. Akabebwa akavushwa. Na kwa kuwa alikuwa mkunga, hakufuatwa na ukoo wake peke yake. Walimfuata wote aliowapokea, na wake zao, na watoto wao ambao pia aliwapokea. Vijiji vilibaki na kuku. Hakuna aliyefikiria kwamba kumlilia mkunga mahali pake panapostahili kungeweza kuwa kosa.

"Lakini wale wa kuhesabu," Mheshimiwa akasema, "wanauliza neno moja. Usiku ya hesabu ulilala wapi?"

Yeye alilikumbuka hilo jioni, usiku wa hesabu ukiingia, akiwa ameketi kando ya kaburi bichi. Ni yeye aliyewafundisha watu jibu lake. Aliwatazama wote wale kwenye mikeka, jimbo lake zima, wamelala nchi ya watu. Hakuweza kuwaamsha wamwache mama yake. Akainuka peke yake, bila kuwaaga wajomba, akarudi kwa miguu akalala nyumbani kwake ili angalau apatikane mtu. Asubuhi karani wa kuhesabu akafika kijijini, mwalimu mmoja kijana kutoka Adumi, akakuta mtu mmoja. Akamwandika. Mheshimiwa alimsihi angoje, watu watarudi matanga yakiisha. Kijana akamwambia kwa upole kwamba hao wamelala nje ya nchi, na yeye ana vijiji vingine vya kwenda.

"Baadaye wakasema namba yetu ilikuwa kidogo, hapana tosha kukata jimbo. Sijui ni kweli. Jeshi ikaja, hakuna mutu ya kuuliza." Akajifuta uso kwa ile tai. "Mama yangu ndiye alileta watu wote ile duniani kwa mikono yake. Na yeye ndiye aliondoka nayo. Na mimi nikakosa matanga yake, na jimbo nikakosa. Wajomba wanasema mimi si mutoto ya dada yao tena."

Nikamwuliza, sasa kwa nini bado unakimbia kila jioni? Hakuna anayehesabu!

"Wanaweza kuja," akasema.

Halafu akanikamata mkono, na akasema jambo ambalo hadi leo sijui kama lilikuwa la kunifariji au lilimponyoka tu. "Mume yako alihesabiwa. Alilala nyumbani usiku ule?"

Nikasema ndiyo, alilala nyumbani.

"Basi kwa serikali iko hai. Mpaka wahesabu tena."

Nilirudi uani nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka. Mtoto wangu hajazaliwa, mume wangu hajafa. Na ajabu ni kwamba nilipata nafuu. Nilijikuta, miezi ile, nikiomba wasihesabu upesi. Chai yake niliendelea kumwekea, na sikumwekea kiti tena.

Miaka ikaenda hivyo. Sukari ikaadimika, sabuni ikaadimika, tumbaku ikawa haina wa kuinunua, na koti jeusi likageuka kijivu mabegani. Nilidhani ndoto yake itachakaa nayo. Wapi! Kadiri mambo yalivyoharibika ndivyo alivyokuwa na hakika kwamba jiko litafunguliwa.

Na likafunguliwa. Serikali ilianguka Kampala, na redio zikaanza kusema maneno tuliyokuwa tumeyasahau, uchaguzi, bunge. Wengine walisema watu watahesabiwa upya, wengine walisema itatumika hesabu ileile ya zamani. Lakini sisi huku hatukuwa na masikio ya redio. Tulisikia tu kwamba jeshi lililoshinda linapanda kuja kwetu, na kwamba halitauliza nani alikuwa askari na nani alikuwa mpika mkate. Arua ikamwagika. Wengi walishika barabara ya Vurra kwenda mpakani. Mimi sikuweza kuishika barabara ile, mnajua kwa nini. Nilimchukua Zainabu, nikamfuata mjomba wangu Koboko, na kutoka Koboko tukaingia katika mstari wa watu waliokuwa wakielekea ng'ambo na magodoro na mbuzi vichwani na mabegani.

Nyumba yake ilikuwa kando ya njia ile. Nilimwona kabla hajaniona. Amekaa mlangoni, amevaa koti, tai iko mahali pake, na fimbo imelazwa magotini. Kijiji kizima kilikuwa kinapita mbele yake, wale waliopokelewa na mama yake, na watoto wa watoto wao, na yeye anawatazama mmoja mmoja. Nilimhurumia. Jiko alilolingoja miaka yote limefunguliwa, na watu wake wanavuka tena mbele ya macho yake, vilevile. Nilikuwa na hakika atainua ile fimbo awazuie. Na nilikuwa nimekwisha kuandaa matusi yangu, maana ningemzuia asimguse mtoto wangu.

"Mheshimiwa," nikamwita.

"Mama Zainabu. Wewe nakwenda kulala wapi?"

"Ng'ambo. Wote tunakwenda ng'ambo."

"Wote?"

"Wote, mzee."

Akainuka, akaingia ndani. Zainabu akaniuliza kama babu amekasirika. Akatoka na mkeka umekunjwa chini ya kwapa, akaufunga mlango kwa kamba, akaijaribu ile kamba ishike vizuri. Kisha akaingia katika mstari nyuma yetu, na sikuelewa kabisa.

Tulifika kwa wajomba zake jua likiwa bado liko juu kidogo. Aliyebaki alikuwa mmoja, mzee sana, ameketi kwenye kivuli cha ghala. Alilitazama lile koti muda mrefu.

"Umechelewa, mutoto ya dada yetu," akasema.

"Nimechelewa, mjomba."

"Kaburi iko kule. Hatukufunga matanga. Ilikungoja."

Kaburi lilikuwa limelimwa vizuri pembeni, na mawe yamepangwa. Watu wa Koboko walikuwa wamekwisha kuenea kila mahali pale uwanjani, wanatandika, wanawasha moto, na bila mtu kusema, waliokuwa karibu wakasogea wakampisha. Mheshimiwa alitandika mkeka wake kando ya mawe. Akavua tai kwa kuipitisha kichwani, akavua koti, akalikunja likawa mto. Nilisimama pale nimebeba sufuria yangu. Nilitaka kumwuliza mambo mengi, lakini lililonitoka lilikuwa moja tu.

"Mheshimiwa, na wakija kuhesabu leo?"

Alikuwa amekwisha kujilaza, uso umeelekea mawe.

"Wataambiwa hatuko," akasema. "Tumekwenda matangani."

Nikamngoja aseme na jingine. Jua lilikuwa bado halijazama, na yeye alikuwa amelala.